Mashabiki walifika kabla ya kampuni: mazungumzo kuhusu Harry Potter na biashara yake

Asanteni jamani, kaeni, kaeni. MC kanipa nusu saa na nimemuona anaangalia saa yake kwa hiyo najua hatanii, shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo vipi, tuanze.

Mada niliyopewa ni biashara ya vitabu vya Harry Potter, zile hadithi za J.K. Rowling za mvulana anayesoma shule ya uchawi, na mashabiki wake walivyoipokea. Najua humu ndani kuna waliosoma vyote saba mpaka karatasi zimeanza kuchomoka, na kuna walioona muvi moja tu kwenye basi la mkoani wakashuka kabla haijaisha, wote karibuni, biashara haibagui.

Tuanze na namba kwanza. Juni 26, 1997, Bloomsbury ya London wanatoa kitabu cha kwanza, jalada gumu, nakala 500. Mia tano! Na sehemu kubwa ya hizo zikaenda maktaba. Leo vitabu vyote kwa pamoja vimepita nakala milioni 600, lugha zaidi ya 80. Sasa kutoka 500 mpaka milioni 600 nani alibeba mzigo? Kuna mtu atasema muvi. Hapana, subiri. Muvi ya kwanza imetoka Novemba 2001. Na Julai 2000, mwaka mzima na zaidi kabla ya muvi, gazeti la New York Times lilikuwa limeshalazimika kuanzisha orodha ya pembeni ya vitabu vya watoto kwa sababu Harry alikuwa amekalia nafasi za juu za orodha kuu na wachapishaji wengine wanalia vitabu vyao vya watu wazima havipati pa kukaa. Mwezi huohuo kitabu cha nne kinatoka, maduka Uingereza na Marekani yanafunguliwa usiku wa manane, watoto wamevaa makoti marefu wamechorwa alama ya radi kwenye paji la uso, wazazi wanapiga miayo. Hilo lilitengenezwa na watoto kuambiana shuleni, na walimu, na wakutubi, na halafu na intaneti ya zamani ile ya kuunganisha kwa waya wa simu.

Ndio maana nasema mashabiki walifika kabla ya kampuni, yaani Warner Bros. ya Hollywood, wenye muvi. Kila ugomvi nitakaowasimulia leo umetokea pale kampuni iliposahau hilo, na kuna kipindi ikaacha kusahau ikawa kitu kingine kabisa, ambacho mimi naona ni kijanja zaidi, tutafika.

Warner Bros. walichukua haki za muvi mwaka 1998, na ukichukua haki za muvi za kitabu kama kile unachukua na jina, sura, nembo, tisheti, kikombe, daftari, kila kitu kinachoweza kubandikwa jina. Miaka miwili baadaye wanasheria wao wanafungua kompyuta wanakuta dunia imejaa tovuti zenye jina la Harry Potter zimetengenezwa na watu wasiojulikana. Wakafanya ambacho mwanasheria wa kampuni amefundishwa kufanya, wakaandika barua. Toa hiyo domeini, tukabidhi, la sivyo tutachukua hatua.

Shida ni kwamba hao watu wasiojulikana walikuwa watoto. Mwishoni mwa mwaka 2000 barua moja ilimfikia binti wa miaka 15 Uingereza ambaye kosa lake ni kutengeneza tovuti ya mwongozo wa vitabu, hauzi kitu, anaandika tu nani ni nani na nini kilitokea sura ipi. Hebu fikirieni hiyo familia, baba anafungua bahasha anakuta kampuni ya Hollywood inamdai mwanae. Magazeti ya kule yakaipata, na magazeti ya Uingereza mnayajua, yakipata kitu kama hicho hayalali. Mtu mmoja London akaanzisha kampeni aliyoiita PotterWar, na Marekani binti mwingine, naye bado hajamaliza utineja, mwenye gazeti la mtandaoni ambalo watoto wa nchi mbalimbali walikuwa wanaliandikia kama waandishi wa habari wa shule ya uchawi, akaunganisha wenzake wakatangaza kususia bidhaa zote za muvi. Vitabu tutanunua, wakasema, ila skafu zenu na midoli yenu kaeni nayo. Akaenda mpaka kwenye televisheni kubishana na mwakilishi wa kampuni, mtoto yule!

Warner wakarudi nyuma. Ndani ya miezi michache wakaacha kuwabana watoto, na baadaye mkubwa wao mmoja alikiri kwamba hawakujua walikuwa wameshika nini mkononi, walifanya kama wanavyofanya kwa mali nyingine yoyote. Mimi namuelewa kabisa, sheria ya alama za biashara inakudai ulinde jina lako, usipolilinda unaweza kulipoteza. Ila kuna mtu ananunua kiwanja ambacho miaka yote watu wa mtaa wanapita katikati kwenda kisimani, hati anayo, halali kabisa, anajenga ukuta siku ya kwanza halafu anashangaa mbona hawamsalimii.

Hapo hapo kuna suala la soda, nalipitisha haraka. Mwaka 2001 Coca-Cola wakapata udhamini wa muvi ya kwanza, ikaripotiwa ni dola milioni 150. J.K. Rowling mwenyewe alishasema hataki kumuona Harry kwenye maboksi ya chipsi na baga kila kona, kwa hiyo makubaliano yakawa wahusika wasionyeshwe wanakunywa soda na pesa nyingine iende kwenye kampeni ya watoto kusoma. Haikutosha, shirika moja la Washington la kutetea lishe likaanzisha kampeni ya kumwambia mwandishi amuokoe Harry na sukari. Ninachotaka mkione hapo ni kwamba watu hawakumwandikia Coca-Cola tu, walimwandikia mwandishi. Kwa shabiki mwenye mali ni aliyeandika, hata kama karatasi zinasema vingine.

Na huyo mwandishi naye, jamani, tusimfanye malaika.

Kuna mkutubi mmoja wa Marekani alikuwa na tovuti inaitwa Harry Potter Lexicon. Ni kamusi, mimea yote, majina yote, dawa zote, tarehe zote, miaka na miaka ya kazi bila mshahara. Mwaka 2004 Rowling akaipa tuzo kwenye tovuti yake, na akaandika kwamba akiwa nje anaandika ameshawahi kuingia intaneti kafe kimyakimya kuangalia kitu humo kuliko kwenda dukani kununua kitabu chake mwenyewe! Waandishi mliopo hapa mnaelewa raha ya hiyo, mwandishi mkubwa duniani anaangalia kwako jambo alilolibuni yeye.

Halafu mchapishaji mdogo wa Michigan, RDR Books, akamshawishi mkutubi wageuze iwe kitabu cha kuuza. Rowling na Warner wakampeleka huyo mchapishaji mahakamani New York mwishoni mwa 2007, kesi ikasikilizwa 2008, na Rowling akasafiri akaenda kutoa ushahidi mwenyewe. Hoja yake, anataka kuandika ensaiklopidia yake kwa ajili ya hisani na hiki kitabu kimechota maneno yake kupita kiasi. Mkutubi alilia kizimbani, hii si chumvi yangu, iliandikwa sana. Septemba 2008 jaji akaamua kwa upande wa Rowling, fidia dola 6,750, yaani dola 750 mara vitabu tisa, pesa ambayo kwa mwanamke yule ni chenji. Lakini jaji alisema kitu muhimu ambacho watu wengi hawakifiki kwa sababu wanaishia kwenye kichwa cha habari, alisema kutengeneza kitabu cha rejea kuhusu kazi ya mtu mwingine kwa jumla kunaruhusiwa na mwandishi hana haki ya kuzuia aina hiyo nzima ya vitabu, shida ilikuwa hiki kimenakili sentensi zake mno bila kuongeza chake. Na ndio maana Januari 2009 Lexicon ikatoka ikiwa imeandikwa upya, halali, ikauzwa.

Mashabiki waligawanyika vibaya kwenye hii kesi na mimi nadhani walikuwa na haki ya kugawanyika. Wengine walisema mkutubi amevuka, ilipokuwa bure ilikuwa mapenzi, alipoweka bei ikawa kuvuna shamba la mtu. Wengine wakasema je, ninyi si ndio mlikuwa mnaitumia kazi yake bure? Mpaka leo nikiulizwa nani alikuwa sahihi nasema jaji, ila moyo wangu uko kwa mkutubi, mnielewe hivyo hivyo.

Sasa nije kwenye ile niliyosema ya ujanja. Baada ya vurugu za barua kampuni iligundua kuna njia rahisi kuliko kumfukuza shabiki, nayo ni kuchukua kile shabiki alichokuwa anafanya bure, kukifanya kizuri zaidi na kukiwekea tiketi. Watoto walikuwa wanachonga fimbo za uchawi kwa vijiti vya mti, Juni 2010 bustani ya Universal kule Orlando inafunguliwa na duka la fimbo ndani yake, foleni masaa. Mwaka 2014 wanaongeza fimbo ambayo ukiielekeza kwenye dirisha la duka kitu kinacheza, na hiyo ina bei yake. Watu walikuwa na hamu ya kuona studio ya Leavesden nje ya London ambako muvi zilipigwa, 2012 panakuwa pa kutembelea kwa tiketi. Watu walikuwa wanaenda stesheni ya King's Cross kupiga picha kwenye ukuta wa peroni ambayo haipo, kukawekwa toroli iliyozama nusu ukutani, kijana wa kukurushia skafu ionekane inapepea, mpiga picha, na duka pembeni. Kupiga kwa simu yako ni bure, niwe mkweli, ila ukishasimama foleni yote ile na mtoto wako ameshikilia skafu halafu mlango wa duka uko pale, wazazi wenzangu mnajua kitakachofuata.

Na kujigawa nyumba nne za ile shule ya kitabuni, nani Gryffindor nani Slytherin, mashabiki walikuwa wanafanya kwenye majukwaa yao zamani sana, ikaja Pottermore, tovuti ya Rowling mwenyewe, mwaka 2011 kwa wachache na 2012 kwa wote, mtihani rasmi wa nyumba. Ukishaijua nyumba yako rasmi utahitaji skafu rasmi ya nyumba yako rasmi. Mwaka 2017 kitabu cha kwanza kinatimiza miaka 20, Bloomsbury wanakitoa upya kwa rangi za nyumba nne, hadithi ni ileile haijabadilika, na kuna watu walinunua zote nne! Naona kuna dada pale kati anacheka anainamisha kichwa, sitamtaja.

Mimi sipingi hayo. Mtu anafurahia, analipa, anaondoka na kumbukumbu, hakuna aliyeibiwa. Kuna duka la vitabu Porto, Ureno, zuri sana lina ngazi nyekundu za kuzunguka, likavumishiwa kwamba ndilo lililompa Rowling wazo la shule yake, watalii wakajaa mpaka 2015 duka likaanza kutoza kiingilio, na ukinunua kitabu unakatiwa ile pesa. Mwaka 2020 Rowling akasema hadharani kwamba hajawahi kukanyaga pale. Unafikiri foleni iliisha? Kuna biashara ambayo hata mwenyewe akiikana inaendelea.

Ninachopinga ni pale mlango unapofungwa kwa wale ambao hawauzi. Mwaka 2018 Warner waliandika tena barua, safari hii kwa miji na mitaa ya Marekani iliyokuwa inafanya tamasha la Harry Potter kila mwaka, mfano Chestnut Hill huko Philadelphia, mtaa mzima unavaa majoho, maduka yanabadilisha majina wikiendi moja. Kampuni ikasema hii ni biashara isiyo na kibali, msitumie majina yetu. Na kweli wenye maduka walikuwa wanapata kitu, siwezi kusema hawakupata, ila mashabiki wakaiita kampuni majina ya wale viumbe wa kitabuni wanaofyonza furaha ya watu, na tamasha zikaendelea kwa majina ya kuzungukazunguka. Miaka 18 toka ile barua ya binti wa miaka 15! Na quidditch, ule mchezo wa kitabuni wa kwenye ufagio ambao wanafunzi wa chuo Vermont waliufanya mchezo wa kweli mwaka 2005, 2022 wenyewe wamebadilisha jina kuwa quadball, sababu moja ni kwamba jina la zamani ni alama ya biashara ya Warner na ukilitumia unabanwa kupata wadhamini na televisheni, sababu ya pili nitaifikia. Kwa ndugu zetu Uganda, kijiji kimoja wilaya ya Masaka, mwalimu aliwafundisha watoto mchezo huo kwa vijiti, wakafika mpaka kupangiwa kwenda mashindano ya dunia Frankfurt 2016, wakakwama kwenye viza. Hapo sasa hakuna Warner wala Rowling wa kumlaumu, ni ubalozi.

Nije kwenye chokoleti maana hii ndio ninayoipenda kuliko zote na MC usiangalie saa kwanza.

Kuna kundi la mashabiki Marekani liliitwa Harry Potter Alliance, lilianza 2005, kazi yao kuchukua yale ya kitabuni na kuyafanyia kazi duniani. Mwaka 2010 baada ya tetemeko la Haiti walichangishana zaidi ya dola 120,000 wakapeleka ndege tano za dawa na vifaa, ndege nyingi wakazipa majina ya wahusika. Sasa hao hao wakauliza swali moja rahisi, vyura wa chokoleti wanaouzwa kwa jina la Harry, kakao yake inatoka wapi? Maana kakao nyingi ya dunia inatoka Ivory Coast na Ghana, na suala la watoto kutumikishwa kwenye mashamba ya kakao linajulikana miaka mingi. Na kwenye vitabu kuna mhusika msichana anayepigania watumwa wa jikoni shuleni kwao mpaka wenzake wanamchoka. Wakasema, kampeni yetu tunaiita sio kwa jina la Harry. Wakaandika, Warner wakajibu kwamba mtengenezaji ameshakaguliwa, wakasema tuonyesheni hiyo ripoti, kimya. Wakakusanya saini zaidi ya 400,000. Ikachukua miaka zaidi ya minne. Januari 2015 Warner wakakubali chokoleti zote zenye jina la Harry Potter ziwe na cheti cha UTZ, wale wa kukagua kilimo endelevu, au cha biashara ya haki kufikia mwisho wa mwaka ule.

Cheti sio muujiza, wanaofuatilia kakao watawaambia mapungufu yake. Ila oneni walichofanya. Hawakuomba bei ipungue, hawakuomba tisheti za bure, waliiambia kampuni unauza hadithi inayosema hivi, basi na bidhaa ifanane na hadithi. Hakuna mteja wa kawaida anaweza kusema hivyo. Mteja wa sabuni hawezi kuiambia sabuni umesaliti maadili yako.

Na nguvu nyingine ya shabiki ni kutokwenda. Zile muvi za wanyama wa ajabu, Fantastic Beasts, zilizotoka kwenye dunia ileile ya Harry, zilipangwa ziwe tano. Ya kwanza 2016 ikaingiza kama dola milioni 814 dunia nzima, ya pili 2018 kama 655, ya tatu 2022 ikashuka mpaka kama 407. Ya nne mmeiona? Hata mimi. Watu wengi waliona hadithi inavutwa kama ubani uliokwisha utamu wakakaa nyumbani.

Lakini msidhani kususia kunafanya kazi kila mara. Toka 2020 Rowling amekuwa anaandika mambo kuhusu watu waliobadili jinsia ambayo yamewakasirisha mashabiki wake wengi sana, na hiyo ndio sababu ya pili ya wale wa ufagio kubadilisha jina. Mashabiki wengine wanakubaliana naye, na wengine hawataki kusikia upande wowote wanataka hadithi yao tu. Februari 2023 ikatoka gemu ya Hogwarts Legacy na wito wa kuisusia ukawa mkubwa mtandaoni, watu waligombana na marafiki wa miaka. Mwaka ule iliuza zaidi ya nakala milioni 22. Na Aprili 2023 Warner wanatangaza wataanza upya vitabu vyote kama tamthilia. Kwa hiyo mwenye kupiga hesabu pale ofisini ameshaona kelele ni kiasi gani na mauzo ni kiasi gani, na tusijidanganye, anaangalia mauzo.

Nimalizie na waandishi maana nawaona mmekaa mstari wa mbele na madaftari. Rowling aliposaini mikataba yake miaka ya 90 haki za kidijitali alibaki nazo yeye. Wakati ule nani alikuwa anajali kitabu cha kwenye skrini, hakuna. Vitabu vya kielektroniki viliposhika kasi yeye ndiye mwenye ufunguo, 2012 akaviuza kwenye Pottermore yake mwenyewe na maduka makubwa ya mtandaoni yakalazimika kumpeleka mteja kwake, kitu ambacho hawakuzoea kumfanyia mtu. Wewe unayeandika hadithi yako ya WhatsApp kila Ijumaa, una wasomaji elfu mbili wanaokusubiri usiku, siku akija mtu na karatasi anasema nataka hadithi yako nikufanyie video, usiishie kwenye ile mistari ya pesa juu. Nenda chini kule anakosema haki zote kwa namna zote zinazojulikana na zitakazojulikana baadaye. Hiyo sentensi ipo kwenye mikataba mingi, imeandikwa kwa herufi ndogo, na inachukua mpaka vitu ambavyo havijabuniwa bado. Muulize kwa nini anavihitaji. Na wale elfu mbili muulize atawafanyaje, wanaokuchorea wahusika wako na kukutungia miisho mingine, atawaandikia barua au atawaacha?

Haya, naona karatasi za maswali zimeanza kuja. Ya kwanza inauliza mimi ni nyumba gani. Ravenclaw, na skafu nilinunuliwa, sikununua. Leteni inayofuata.